Pakiti Mbili za Ziada

Verna Noske alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye cheti chochote cha kazi: aliweza kuota ndoto huku mikono yake ikifanya kazi isiyotaka kosa hata moja. Kwa miaka ishirini na tisa alisimama chumba cha nyuma cha duka la dawa la Warrindi, mji wa ngano ambao treni imeukimbia na maghala ya nafaka yamebaki, akipanga vidonge vya wazee kwenye kadi za wiki. Kila kadi ina vishimo ishirini na vinane. Siku saba, na kila siku ina asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala. Anatia, anakagua, anafunika, anabonyeza kingo kwa kidole gumba, anaandika jina. Mikono ilijua njia, na yeye mwenyewe anakuwa ameshaenda zake.

Alikokwenda ni majumbani mwa watu. Akishika kidonge cheupe cha presha cha Lorna Zwar, anaiona Jumanne ya Lorna yote: pazia la jikoni, birika linaanza kulia, Lorna na joho lake la bluu anamlaani jirani kwa ajili ya mbwa. Mchana wa Ijumaa wa Ken Materne ulikuwa kidonge cha sukari pamoja na kipande cha keki ambacho Ken amekatazwa na atakula. Vile vidonge vidogo vya kulala vilikuwa madirisha yanayozimika taa moja moja, mtaa mzima, mpaka mashambani. Hakuna aliyewahi kumsimulia mambo hayo. Yeye aliyajua tu, na mengi aliyapata sawasawa.

Mfamasia alikuwa Hanh Luu, mwanamke wa miaka thelathini na miwili aliyekuja kutoka Adelaide kukaa mwaka mmoja, na sasa anamaliza wa tatu bila kueleza kwa nini. Alishamzoea Verna na safari zake.

"Verna, uko wapi saa hizi?"

"Kwa Lorna."

"Msalimie. Mwambie aache chumvi."

"Nimemwambia. Kanuna."

Hanh alikagua kila kadi baada yake, maana sheria inataka macho mawili mengine, na kwa miaka mitatu hakuwa amekuta kidonge kilichopotea njia.

Niseme kidogo namna mambo yalivyokwenda pale, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kisa cha mzee Clem. Zamani, na zamani yenyewe ni kabla ya Krismasi iliyopita tu, daktari wa mji alikuwa Ewart, mzee mrefu mwenye mwandiko wa kuku. Ewart akikuona moyo wako unadunda ovyo, anakuandikia cheti cha dawa cha karatasi chenye marudio matano, yaani dawa ya miezi sita. Unakipeleka kwa Verna. Verna anakupa pakiti ya kwanza, na karatasi ya marudio hukuichukua kwenda nayo nyumbani, usije ukaifua ndani ya mfuko wa suruali. Uliiacha dukani, kwenye droo ndefu ya mbao chini ya kaunta, iliyopangwa kwa majina ya koo kutoka Altmann mpaka Zwar. Serikali ililipa sehemu kubwa, wewe ukaongeza kidogo kwa kadi yako ya ustaafu, duka likapeleka madai yake kwa wakubwa, na mwezi ukapita.

Kisha, kila Alhamisi, Verna alivuta ile droo akapitisha kidole juu ya karatasi moja moja. Aliyefikiwa na zamu alipigiwa simu. "Zako ziko tayari." Ni hayo tu. Watu wa Warrindi hawakujua mpango wa dawa wa serikali una kurasa ngapi, wala hawakuona haja. Walijua Verna atapiga simu.

Ewart alistaafu mwezi wa Desemba, akaagwa kwa nyama choma na hotuba tatu ndefu. Hakuna daktari aliyetaka kuja kuishi mahali penye vumbi namna ile, hivyo mji ukapewa madaktari wa kwenye kioo cha simu, vijana wapole wanaokaa mjini mbali, wanaokusikiliza dakika kumi na kukuambia, "Nimeshakutumia cheti." Na kweli wamekutumia. Kimekuja kwenye simu yako kama meseji, na ndani ya meseji kuna linki, na ukiifungua linki unakuta mraba wa vidoti, na huo mraba ndio cheti chenyewe. Dukani wanaumulika tu. Hakuna karatasi.

Droo ikaanza kukonda. Verna aliiona inakonda, na hapa sitamsitiri: ilimfurahisha. Alhamisi zake zikawa fupi. Majina yalipungua kidole kikipita, simu za kupiga zikawa kumi, halafu sita, halafu tatu, naye katika ndoto zake za kupanga vidonge akaingiwa na wazo tamu kwamba watu wanapona. Kwamba mji mzima umeamka asubuhi moja bila presha wala sukari, umefungua madirisha, na hauhitaji kitu. Alijua ni upuuzi. Lakini mtu anaweza kujua jambo ni upuuzi na akaendelea kukaa ndani yake kwa wiki kadhaa, hasa kukiwa na joto.

Na joto lilikuwepo. Alhamisi ya kwanza ya Machi hewa ilisimama barabarani ikitetemeka, kasuku wa rangi ya waridi wamejipanga kwenye waya midomo wazi, hawana hata nguvu ya kupiga kelele. Gari la mzigo kutoka Adelaide lilishusha makasha saa sita. Verna akapanda ngazi fupi kupanga rafu, bado nusu yake iko kwa Ken Materne, akafika kwenye vidonge vya rangi ya waridi.

Hivi vilikuwa vidonge vya kuzuia damu isigande. Wanaovitumia Warrindi walikuwa watano, na Verna aliagiza pakiti tano kila mwezi kwa mkono wake, bila kutazama kompyuta. Tano zinaingia, tano zinatoka. Mbele ya macho yake sasa kulikuwa na tano mpya alizozishika na mbili za zamani zilizokaa rafuni, moja nyuma ya nyingine, zimetulia.

Akasimama pale juu ya ngazi. Akaanza kupita majumbani, makusudi safari hii. Lorna, asubuhi na jioni, ndiyo. Ken, ndiyo. Wale ndugu wawili wa shamba la kaskazini, ndiyo, wote wawili, walikuja Jumatatu wakabishana mlangoni. Wa tano akamtafuta. Aliona nyumba ya mawe kando ya stesheni ya zamani, tangi la maji, kiti cha chuma barazani. Ndani hakuona kitu. Jikoni hakuna asubuhi wala jioni.

"Hanh," akaita, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Mtazame Clem Hartwig. Mara ya mwisho lini?"

Hanh akabonyeza. "Tarehe tatu Januari. Lile rudio la mwisho la karatasi ya Ewart." Akahesabu kwa midomo. "Zilimwishia mwanzoni mwa Februari."

"Leo ni Machi."

"Najua leo ni nini."

Clem Hartwig alikuwa na miaka themanini na miwili, na arobaini kati ya hiyo aliitumia kupima ngano kwenye maghala ya serikali. Lori linaingia, Clem anachoma ule mrija mrefu kwenye shehena, anatoa kiganja cha punje, anazitazama, anasema daraja. Wakulima walimchukia kila msimu wa mavuno na kumnunulia bia baada yake. Mke wake alishafariki, watoto hakupata. Alikuwa mtu asiyeomba kitu, na Verna alimpenda kwa hilo, ingawa ni jambo la kuudhi sana kulipenda kwa mtu anayekunywa dawa.

Wakampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Wakapiga tena.

"Mpe bila cheti," Verna akasema. "Ile ruhusa ya mara moja kwa mwaka. Anazitumia miaka yote, daktari hapatikani, unampa pakiti nzima na serikali inalipa. Tulimfanyia Ken."

"Tulimfanyia Clem pia." Hanh akageuza kioo amwonyeshe. "Mwaka jana, tarehe kumi na moja Machi, Ewart alipokwenda kuvua samaki. Mwaka haujaisha. Zimebaki siku tano."

"Siku tano."

"Mashine haihurumii, Verna. Nikituma madai yanarudi."

Verna aliitazama ile tarehe kwa chuki. Miaka yote aliuona mpango ule kama mvua au jua, kitu kilichopo tu juu ya vichwa vya watu, na sasa akauona una meno.

Hanh hakuwa mtu wa kukaa akilalamika. Alivuta pakiti moja, akakata vidonge sita. "Hizi ni za siku tatu. Sheria inaniruhusu kutoa za dharura, serikali hailipi, basi, nitalipa mwenyewe. Wewe mpelekee. Mimi nabaki na hawa wa kwenye kioo mpaka watume cheti kipya." Alishaweka simu begani, na muziki wa kusubirishwa ukaanza kusikika, kinanda chembamba kisicho na mwisho.

Barabara ya kwenda stesheni ya zamani ni kilomita kumi na mbili, imenyooka, na pande zote mbili mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa yanang'aa mpaka macho yanakata tamaa. Verna aliendesha madirisha yakiwa wazi. Siku nyingine njia ile ingemlaza macho wazi. Siku hiyo ndoto zilikuja bila kuitwa, na zote zilikuwa Clem: Clem ameanguka kwenye zege, Clem ameketi mezani mdomo umekwenda upande. Alimwomba Mungu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kanisa la Kilutheri lifungwe na kugeuzwa nyumba ya wageni.

Clem alikuwa barazani, kwenye kiti cha chuma, kivulini. Mzima. Miguu amenyoosha, kofia magotini, anatazama reli zilizoota nyasi. Verna akazima injini, akashuka.

"Umepotea njia?" Clem akauliza.

"Mbona hupokei simu?"

"Iko ndani. Mimi niko nje." Akasogeza miguu amwachie nafasi. "Kaa, Vern. Unahema kama umekuja mbio."

Verna akaketi ukingoni mwa baraza. Akatoa bahasha ya vidonge, akaishika mkononi. "Clem, umekaa wiki tano bila dawa."

"Hivyo?"

"Hukuona kwamba zimekwisha?"

"Niliona. Kopo tupu linaonekana." Alisema bila ubishi, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Nilidhani wameniondoa. Umri umefika. Kuna bwana mmoja wa serikali kule Canberra amekaa na kalamu, amefika kwenye jina langu, akasema huyu sasa tumwache aende zake."

"Hakuna bwana kama huyo."

"Yupo. Wa kalamu yupo daima. Nimefanya kazi serikalini." Akatabasamu, na Verna akatazama mdomo wake ukitabasamu, pande zote mbili, sawa. "Halafu hukunipigia, Vern. Alhamisi ikapita, na nyingine ikapita. Nikasema basi, zimekwisha kweli. Ungepiga."

Verna aliigeuza bahasha mkononi. Akamuuliza kuhusu daktari wa kwenye kioo.

"Yule kijana? Tuliongea Januari. Kijana mzuri. Akasema amenitumia cheti. Nikasubiri posta, posta haikuleta kitu."

"Hakiji kwa posta, Clem. Inakuja meseji. Ina linki."

"Ah," Clem akasema. "Hizo zilikuja. Tatu. Nikafuta."

"Kwa nini ulizifuta?"

Akamgeukia, na kwa mara ya kwanza akaonekana kushangaa. "Si wewe ulisema?"

Ni kweli alisema. Mwezi wa Novemba, ukumbi wa mji, chai ya asubuhi ya kuwafundisha wazee mambo ya matapeli wa simu, baada ya mjane mmoja kuporwa akiba ya maisha yake. Askari kutoka mji jirani alizungumza saa nzima na hakuna aliyeshika kitu. Verna, aliyeoka keki yenye chenga za siagi juu yake, ya kuwatosha watu wote thelathini na wawili, alisimama mwishoni na kijiko mkononi akawafupishia. Mkisahau yote, kumbukeni moja. Ukiona meseji ina linki, usifungue, usiulize, futa. Wakampigia makofi. Wiki nzima watu waliambiana mitaani, futa, wakicheka, naye alitembea amejaa kiburi.

Mwezi mmoja baadaye Ewart aliondoka na linki zikaanza kuja, na halikumpitia akilini hata mara moja.

Aibu ilimpanda Verna. Akaona kwanza afanye lile alilolijia. Akafungua bahasha. "Meza hiki kwanza. Nakuletea maji."

"Kina faida gani? Wiki tano nipo salama. Asubuhi ile moja tu ndiyo iliniudhi."

Mkono wa Verna ukasimama. "Asubuhi ipi?"

"Juzi. Nilitaka kumwita mbwa, jina likakataa. Nikataka kusema chai, ikatoka takataka. Na mkono huu ukawa si wangu, kikombe kikaenda. Saa moja hivi. Halafu yote yakarudi." Akaukunja na kuukunjua mkono wa kulia. "Nilikaa hapa nikasubiri. Kulikuwa kuzuri kidogo, kusema kweli. Kimya kabisa, hata ndani ya kichwa."

Verna aliinuka akampigia Hanh, na Hanh aliposikia hakumwacha amalize.

"Usimpe," akasema. "Umenisikia? Hata kimoja. Kama ni kiharusi kidogo, lazima wapige picha ya kichwa kwanza wajue kama kuna damu. Ita ambulansi sasa hivi. Mimi nimeshawapata wale, cheti kinakuja, lakini usimpe."

Akaita ambulansi. Ambulansi ya Warrindi ni ya watu wa kujitolea, na zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Trudi wa saluni, ambaye alipaswa kwanza kumsuuza mtu rangi ya nywele. Dakika ishirini na tano, wakasema. Verna akarudi kuketi barazani na vidonge sita mfukoni, dawa ile ile aliyoihangaikia mchana kutwa, na amekatazwa kuitoa.

"Wanakuja," akamwambia.

"Bora ningefunga mdomo." Lakini hakugomba. Mbwa alitoka chini ya tangi akalala juu ya viatu vyake. Upepo mdogo ulipita kwenye mabua, ukatoa sauti ya karatasi nyingi zinazopekuliwa, ukakoma.

"Clem," Verna akasema hatimaye, akitazama reli. "Mimi ndiye niliyekuambia ufute. Nilikosea. Nilipaswa kukupigia simu na sikukupigia. Naona haya, sijui nikuambie nini."

Clem alimkuna mbwa nyuma ya masikio.

"Angesema yule askari ningemuuliza," Clem akajibu. "Wewe sikukuuliza."

Wakamsikia Trudi kabla ya kumwona, vumbi likija barabarani.

Walimpeleka Adelaide kwa ndege ndogo ya wagonjwa jioni ile ile. Picha ya kichwa ilionyesha doa dogo upande wa kushoto, la siku chache, halijatoa damu, na dawa akarudishiwa hospitalini. Alikaa siku tisa. Verna, siku hizo, aliwapigia simu wale wengine thelathini na mmoja waliokula keki yake, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuungama. Wanne walikuwa wamefuta. Mmoja wao alikuwa Lorna Zwar, aliyemwambia kwamba aliyoifuta ni ya dawa ya kupunguza maji mwilini tu, nayo ilimsumbua hata hivyo. Hanh aliwaandikisha wote kwenye orodha ya serikali ambayo kwayo duka linaweza kuvuta cheti bila meseji, jambo lililochukua saini moja kila mtu, na ambalo lingeweza kufanyika Januari.

Clem alikataa orodha. Alisema jina lake halikai kwenye mashine nyingine tena, simu inamtosha, ilimradi ajue ipi ya kweli.

Alikuja mwenyewe mwanzoni mwa Aprili, mguu wa kulia unaburuta kidogo kwenye zulia la mlangoni, anatafuta maneno mawili matatu kabla ya kuyapata. Alipita rafu za sabuni mpaka kaunta, akamsubiri Verna atoke chumba cha nyuma. Meseji yenye linki ilikuwa imeingia asubuhi hiyo. Hakuwa ameifungua. Aliishika simu mbali na mwili wake, kioo kikimtazama Verna, yeye mwenyewe akitazama pembeni.

"Niambie tu, Vern," akasema. "Ukisema nifute, nafuta."

Verna aliipokea ile simu kwa mikono yote miwili. Herufi zilicheza mbele ya macho yake, ikabidi asubiri zitulie ndipo aweze kuzisoma.